Barua pepe za ofisini zisikunyime usingizi

IKIWA wewe ni miongoni mwa wafanyakazi ambao hushika simu asubuhi kabla hata ya kunawa uso, na usiku huzima taa wakiwa bado wameikodolea macho simu hiyo hiyo, basi makala haya yanakuhusu. Yamkini unachotafuta humo si habari za jamaa wala matokeo ya kandanda. Unataka kujua kama mkubwa wako ameandika, kama mteja amejibu, au kama ile barua uliyoiahirisha tangu Jumanne imeleta nyingine ya kukukumbusha.

Wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la kiofisi tu, lisilohusiana kamwe na afya. Sivyo. Kikasha cha barua pepe kilichofurika ni mzigo kama mizigo mingine, ila huu hubebwa kichwani. Mtu huenda nao mezani, huenda nao kitandani, na akisafiri kwenda mashambani kuwaona wazazi, huutia mfukoni akaenda nao.

Habari njema ni kwamba mzigo huu unaweza kupunguzwa bila dawa na bila gharama. Kinachohitajika ni mpango wa namna tatu: mpango wa kikasha chenyewe, mpango wa nyumbani, na mpango wa safarini.

MWILI HUJIANDAA KWA VITA

Hebu kwanza tutazame kinachotokea mwilini. Unaposoma barua yenye lawama saa nne usiku, ubongo huichukulia kama hatari. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, na misuli ya shingo na mabega hukaza. Hali hiyo ina manufaa makubwa ikiwa unamkimbia mbwa mkali. Lakini inapojirudia siku nzima ilhali umeketi tu kitini, mwili hukosa nafasi ya kutulia. Ndipo mtu huanza kulalamika kuhusu kichwa kuuma, tumbo kuvurugika, hasira za karibu na usingizi wa mang'amung'amu.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka wa 2012, Gloria Mark na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, nchini Marekani, walitoa matokeo ya utafiti ambapo wafanyakazi 13 wa ofisi walikatiwa barua pepe kwa siku tano za kazi, huku mapigo ya moyo wao yakipimwa kwa kifaa walichovaa. Wakiwa na barua pepe, waliruka kutoka jambo moja hadi jingine kwenye kompyuta takriban mara 37 kwa saa. Bila barua pepe, waliruka mara 18 hivi. Aidha, mapigo ya moyo yalionyesha kwamba mfadhaiko wao ulikuwa umepungua. Ni kweli kwamba watu 13 ni wachache, lakini matokeo hayo yanalingana na yale ambayo wengi wetu tunayahisi.

Pengine utasema kwamba kazi yako hairuhusu kukaa siku tano bila kusoma barua. Ni haki yako kusema hivyo. Ndiyo maana utafiti wa pili unatufaa zaidi. Mwaka wa 2015, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada, waliwachunguza watu wazima 124. Kwa wiki moja, watu hao walitakiwa kufungua barua pepe mara tatu tu kwa siku. Kwa wiki nyingine waliruhusiwa kufungua kila walipotaka. Katika wiki ya mara tatu, mfadhaiko wao wa kila siku ulipungua.

Tazama vizuri, msomaji. Hakuna aliyewaambia watu hao waache kazi. Walichobadilisha ni idadi ya mara za kuchungulia. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kinachouchosha mwili si wingi wa barua peke yake, bali ni kuchungulia kila mara pamoja na rundo la barua ulizozisoma bila kuzikatia shauri.

MACHO, PUMZI NA USINGIZI

Madhara mengine huja kupitia mwangaza. Mwishoni mwa mwaka wa 2014, watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston walitangaza matokeo ya majaribio waliyowafanyia watu 12. Usiku kadhaa watu hao walisoma kitabu cha karatasi kabla ya kulala, na usiku mwingine walisoma kwenye chombo chenye kutoa mwangaza. Waliposoma kwenye chombo hicho, walichelewa kushikwa na usingizi, homoni ya melatonini ambayo huuandaa mwili kulala ilipungua, na asubuhi waliamka wakiwa wazito. Ikiwa kitabu cha hadithi kinaweza kuleta hayo, fikiria barua inayokuuliza ripoti iko wapi.

Kuna pia suala la kupumua. Mwaka wa 2008, mwandishi wa Marekani Linda Stone alieleza jinsi alivyogundua kwamba yeye, na watu wengi aliowatazama, walikuwa wakizuia pumzi au kupumua kwa shida walipokuwa wakisoma barua pepe. Huo si ugonjwa uliomo katika vitabu vya madaktari, lakini unaweza kujipima mwenyewe. Utakapofungua kikasha chako kesho, angalia mabega yako yako wapi na kama unapumua. Ukijikuta umekaza, shusha mabega, toa pumzi polepole, kisha uendelee.

Kwa upande wa macho, kanuni ambayo madaktari wa macho huitaja mara nyingi ni rahisi kukumbuka: kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Mtu anayekodolea kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na ndiyo sababu macho hukauka na kuwasha.

ONDOA MLIMA KWANZA

Sasa tugeukie kazi yenyewe. Huenda kikasha chako kina barua elfu tatu. Usijaribu kuzisoma zote, wala usizifute kwa hasira. Fungua folda moja uipe jina "Za zamani", kisha uhamishie humo barua zote zilizopita mwezi mmoja. Hazijapotea. Siku utakapohitaji moja, utaitafuta kwa jina la aliyeiandika au kwa neno lililomo, na kompyuta itakuletea.

Zilizobaki, yaani za mwezi huu, zipitie moja baada ya nyingine. Kila barua ina hatima nne tu, na ni lazima uchague moja kabla ya kuiacha:

1. Kufuta. Matangazo ya biashara, barua taka na nakala ulizotumiwa bila sababu hazina haja ya kukaa. Ikiwa kampuni fulani inayojulikana hukutumia matangazo kila siku, tafuta sehemu ya kujiondoa katika orodha yake, kwa kawaida chini kabisa ya barua. Lakini ikiwa humjui kabisa aliyeandika, usibonyeze chochote ndani ya barua hiyo. Ifute tu.

2. Kujibu papo hapo. Ikiwa jibu litachukua dakika mbili, lijibu na ulimalize.

3. Kumpa mwenye kazi. Barua nyingine hazikuhusu wewe bali mwenzako. Mpelekee, umwambie mwandishi kwamba umefanya hivyo, kisha uiondoe mbele yako.

4. Kuipangia siku. Ikiwa barua inadai kazi ya saa moja au zaidi, andika kazi hiyo katika daftari au kalenda yako, pamoja na siku na saa. Kisha iweke barua katika folda ya "Kufanywa".

Hatua hii ya nne ndiyo ambayo wengi huiruka. Wao huiacha barua kikashani iwe ukumbusho. Matokeo yake ni kwamba kila wanapofungua kikasha huiona, huisoma upya, hushtuka upya, na huiacha upya. Barua moja humchosha mtu mara kumi. Kikasha ni mlango wa kuingilia, na mtu hatandiki kitanda mlangoni.

Je, folda ziwe ngapi? Chache. Kuna wafanyakazi ambao hutengeneza folda arobaini, kila mteja na yake, kisha hutumia muda mwingi kujiuliza barua iende wapi. Mwaka wa 2011, Steve Whittaker na wenzake waliohusishwa na kampuni ya IBM walichunguza jinsi watu 345 walivyotafuta barua zao za zamani, katika matukio zaidi ya 85,000. Waligundua kwamba waliojitaabisha kupanga folda nyingi hawakuzipata barua kwa wepesi kuliko waliotumia tu sehemu ya kutafuta. Kwa hivyo folda nne au tano zinatosha: "Kufanywa", "Nasubiri jibu", "Safari", "Kumbukumbu" na ile ya "Za zamani".

Hata hivyo, usifute barua za ofisi ovyo. Mikataba, stakabadhi za malipo, barua za likizo na maagizo ya wakubwa zinaweza kuhitajika baada ya miaka mingi. Zitie katika "Kumbukumbu". Kufuta ni kwa takataka, si kwa ushahidi.

NYUMBANI SI TAWI LA OFISI

Tangu Machi 2020, kisa cha kwanza cha Covid-19 kilipothibitishwa humu nchini na wafanyakazi wengi wakatakiwa kufanyia kazi majumbani, mpaka kati ya ofisi na sebule umefifia. Wapo waliorudi ofisini kabisa, na wapo wanaogawa wiki kati ya huku na kule. Lakini hata waliorudi, barua ziliwafuata nyumbani na hazikurudi nao.

Dawa ya kwanza ni saa maalumu. Mathalan, fungua kikasha saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi alasiri. Katika saa hizo, ketini na barua zako kwa nusu saa au dakika arobaini, zikatie shauri zote, kisha ufunge. Nje ya saa hizo, fanya kazi uliyoajiriwa kuifanya. Usianze siku kwa kusoma barua ukiwa kitandani, kwani utaamka ukiwa umeshapangiwa siku yako na wengine.

Dawa ya pili ni kunyamazisha simu. Ingia katika mipangilio ya simu yako uzime arifa za barua pepe za kazi, yaani mlio, mtetemo na ile namba nyekundu inayohesabu barua ambazo hujazisoma. Usizime simu yenyewe. Mtu mwenye dharura ya kweli atakupigia.

Jambo hili halitawezekana ikiwa wenzako hawajui utaratibu wako. Waambie mapema, kwa adabu na kwa maneno machache, kwa mfano: "Mimi husoma barua pepe saa tatu, saa saba na saa kumi. Likitokea jambo la dharura, tafadhali nipigieni simu." Mweleze mkubwa wako pia, na umuulize ni mambo gani ambayo kwake hayawezi kungoja. Wakubwa wengi hawadai majibu ya usiku. Wao huandika saa tano usiku kwa sababu ndipo wanapopata nafasi, na mfanyakazi hudhani anatakiwa kujibu saa tano na dakika moja.

Dawa ya tatu ni mahali. Si kila mtu ana nyumba yenye chumba cha kusomea. Wengi wa wakazi wa miji yetu huishi katika nyumba ya chumba kimoja au viwili, na meza ya chakula ndiyo meza ya kazi. Hata hivyo, unaweza kuchagua kiti kimoja, upande mmoja wa meza, kiwe ndicho cha barua. Kitandani pasiwe mahali hapo hata siku moja. Kitanda kikizoea kuwa ofisi, ubongo husahau kwamba kiliwekwa kwa ajili ya kulala. Saa ya kufunga kazi ikifika, funga kompyuta uifunike kwa leso au kitambaa. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini macho yakikosa kuiona kompyuta, moyo nao hutulia.

Weka pia saa ya kufunga mlango wa usiku. Angalau saa moja kabla ya kulala, simu ikae mbali na kitanda, hata ikibidi ununue saa ya mezani ya kukuamsha. Watoto wako nao watashukuru. Mtoto anayesimulia mambo ya shuleni huku mzazi ameinamia simu hujua kwamba hasikilizwi, na baada ya muda huacha kusimulia.

Isitoshe, tenganisha barua za kazi na za nyumbani. Karo ya watoto, bili za stima na mambo ya chama yasitumwe kwa anwani ya ofisi. Mtu anayetafuta stakabadhi ya karo Jumapili hufungua kikasha cha ofisi, na humo hukutana na barua ya ukaguzi wa hesabu. Siku yake ya mapumziko huishia hapo.

PUNGUZA UNAZOTUMA

Barua huzaa barua. Ukitaka kupokea chache, tuma chache, na zile unazotuma ziwe wazi. Kichwa cha barua kiseme unachotaka na lini, kama vile "Naomba saini yako kabla ya Alhamisi", badala ya "Habari". Uliza maswali yako yote katika barua moja. Usiwatumie watu kumi nakala ya jambo linalomhusu mmoja, wala usiwajibu wote kwa kusema tu "Asante". Na ikiwa mmeandikiana mara tatu bila kuelewana, pigeni simu. Mazungumzo ya dakika tano yatamaliza ubishi wa siku mbili.

KABLA YA KUSAFIRI

Safari ndiyo huvuruga utaratibu wa wengi. Mtu huondoka Nairobi akiwa amepanga kikasha chake vizuri, na siku nne baadaye hurudi kutoka Kisumu akiwa na barua mia mbili na maumivu ya shingo. Maandalizi ya siku moja kabla ya safari yatakuokoa.

Kwanza, andika jibu la kujiendesha. Liwe fupi: liseme uko safarini tangu siku gani hadi gani, utakuwa ukisoma barua mara moja kwa siku au hutasoma kabisa, na ni nani wa kutafutwa kwa dharura. Likielekezwa kwa watu wa nje ya kampuni, lisieleze unakokwenda wala kwamba nyumba yako iko wazi, kwani wezi nao hutuma barua pepe.

Pili, mpe mwenzako kazi, si neno lako la siri. Ukimpa mtu neno la siri, kila atakachoandika kitahesabiwa kuwa ni chako. Ofisi zenye fundi wa kompyuta zinaweza kupanga barua zako zimfikie mwenzako kwa njia iliyo salama.

Tatu, tia barua zote za safari katika folda ya "Safari": tiketi, mwaliko, anwani ya hoteli na namba za wenyeji. Ziteremshe katika simu zisomeke hata bila intaneti, na zile muhimu zaidi zichapishwe kwenye karatasi. Betri ikiisha ukiwa mbele ya afisa wa uhamiaji, karatasi haiishi.

Nne, muulize fundi kama simu yako inapokea barua kwa mtindo wa IMAP au POP. Mtindo wa IMAP huziacha barua kwenye seva, hivyo barua uliyoisoma au kuihamisha kwa simu huonekana hivyo hivyo kwenye kompyuta ya ofisini. Mtindo wa POP huteremsha barua kwenye chombo kimoja, na wakati mwingine huiondoa kwenye seva. Wapo waliorudi ofisini wakakuta barua za wiki nzima hazionekani kwenye kompyuta, kumbe zimekwama ndani ya simu.

UKIWA NJIANI

Ikiwa wewe ndiye dereva, barua pepe ikufe kabisa mpaka utakaposimama. Hakuna ripoti iliyo na thamani ya maisha ya watu walio ndani ya gari na wale walio kando ya barabara.

Ikiwa wewe ni abiria wa basi, jihadhari na kichefuchefu. Unaposoma ndani ya gari linaloyumba, macho huambia ubongo kwamba umetulia, ilhali sikio la ndani huuambia kwamba unatikisika. Ubongo huchanganyikiwa na tumbo hulipa gharama. Ukianza kuhisi hivyo, weka simu chini utazame mbali, nje ya dirisha. Garimoshi la reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, halitikisiki sana, na saa tano hivi za safari hiyo zinatosha kuandika rasimu za majibu mengi, yatumwe utakapopata mtandao.

Usikae kitako safari nzima ukiandika. Utafiti uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu huongezeka takriban maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi ambapo mtu huketi bila kujisogeza, iwe ni kwa ndege, basi, gari dogo au treni. Hatari yenyewe kwa mtu mwenye afya ni ndogo, lakini kinga yake ni rahisi: chezesha vifundo vya miguu, simama kila inapowezekana, na basi likisimama Mtito Andei, shuka utembee badala ya kuinamia simu.

Usitegemee kwamba intaneti itakuwepo kila mahali. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na huduma ikawa ya kusuasua kote Afrika Mashariki. Aliyekuwa ameteremsha stakabadhi zake mapema aliendelea na kazi. Ambaye hakuwa ameziteremsha alibaki kuitazama duara ikizunguka.

Jihadhari pia na waifai ya bure ya hotelini au kwenye uwanja wa ndege. Kwa mambo ya fedha na siri za wateja, ni heri utumie bando la simu yako. Kwenye kompyuta ya saiba, usiache ikumbuke neno lako la siri, na hakikisha umejitoa kabisa kabla ya kuondoka. Msafiri aliyechoka ndiye mawindo rahisi ya matapeli. Barua inayokuhimiza ulipe sasa hivi, au ubadilishe namba ya akaunti ya benki, usiijibu ukiwa kwenye foleni. Mpigie anayedaiwa kuiandika, kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali.

Ukivuka mipaka ya saa, usijaribu kuishi katika saa mbili kwa pamoja. Dubai imetutangulia kwa saa moja tu. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wao wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Chagua kipindi kimoja cha saa za huko uliko, ukiwajulisha wa nyumbani, na kingine kiwe cha kulala.

LIKIZO NI HAKI

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 yenye malipo kamili baada ya kila miezi 12 ya kazi, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Likizo inayotumiwa kujibu barua si likizo.

Mataifa mengine yamekwenda mbele zaidi. Ufaransa ilianza Januari 2017 kutekeleza sheria inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana kuhusu haki ya mfanyakazi kutosumbuliwa baada ya kazi. Nchini Ujerumani, kampuni ya magari ya Daimler ilitangaza mwaka wa 2014 mpango wa hiari ambapo barua anazotumiwa aliye likizoni hufutwa zenyewe, na aliyezituma huelezwa amtafute mtu mwingine. Hapa kwetu, mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira uliowasilishwa katika Seneti mwaka wa 2022 ulipendekeza haki kama hiyo, na Shirikisho la Waajiri nchini likaupinga.

Ukirudi kutoka safari au likizo, acha jibu la kujiendesha liendelee hadi jioni ya siku ya kwanza, na utenge asubuhi hiyo kwa kikasha pekee. Anza na barua mpya kabisa ukirudi nyuma, kwani mambo mengi ya wiki iliyopita yatakuwa yameshatatuliwa bila wewe.

MWONE DAKTARI

Mpango mzuri hautibu kila kitu. Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu wa kupindukia unaotokana na mfadhaiko wa muda mrefu kazini katika orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, likifafanua kwamba si ugonjwa bali ni hali ya kikazi. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuhisi kwamba huna unalolitimiza.

Ukiona dalili hizo, au ukikosa usingizi usiku mara kwa mara kwa zaidi ya mwezi mmoja, mwone daktari, na upimwe shinikizo la damu. Maumivu ya kifua au kukatika pumzi ni ya kupelekwa hospitalini mara moja. Na ukihisi kwamba maisha hayana maana tena, usingoje hata siku moja. Mwambie mtu wa karibu naye akupeleke upate msaada.

Wapo ambao kazi zao hazina mlango wa kufungwa: madaktari wa zamu, mafundi wa stima, walinzi. Hao nao wanaweza kukubaliana na wakubwa wao kwamba wito wa dharura uje kwa simu, na barua pepe zingoje zamu.

Huna haja ya kungoja Jumatatu. Leo jioni fungua folda ya "Za zamani", hamishia humo barua zilizopita mwezi, zima arifa, na uilaze simu sebuleni. Asubuhi barua zote zitakuwa papo hapo zilipokuwa. Tofauti ni kwamba wewe utakuwa umelala.